Ule mstari wa -high -threads mnaopeana WhatsApp, ngoja tuufumue

Juzi dogo mmoja jirani yetu kanitumia mstari wake wa kuwashia Counter-Strike 2, lile gemu la kupigana risasi, analalamika kaweka kila kitu na fremu (picha kwa sekunde) bado ziko palepale. Mstari wenyewe huu, sijagusa hata herufi:

-high -threads 8 -tickrate 128 –novid -nojoy -d3d9ex -heapsize 8388608 -freq 144 -fps_max 0 +cl_forcepreload 1

Nikamuuliza umeutoa wapi, akasema kapewa na mshkaji, mshkaji naye kapewa na mtu wa Discord, na huyo wa Discord sijui kaupata wapi maana nikiuangalia naona humo ndani kuna vipande vya miaka tofauti kabisa, kimoja cha enzi za Counter-Strike 1.6, vingine vya CS:GO iliyotangulia CS2, kimoja asili yake ni gemu la Quake la 1996, dogo mwenyewe hata hajazaliwa. Ni kama chungu cha mitishamba, kila aliyepita kaongeza jani lake na hakuna aliyewahi kutoa. Nikaona badala ya kumjibu yeye peke yake niandike kabisa hivi vitu vinafanyaje kazi, maana naulizwa kila siku.

Tuanze na chenyewe ni nini. Gemu ni programu kama programu nyingine, na programu yoyote ukiiwasha unaweza kuipa maneno ya ziada baada ya jina lake, ikiamka inayakuta mlangoni. Kwenye Steam, ile programu ya kununulia na kuwashia gemu, unabonyeza kulia juu ya jina la gemu, unaenda Properties, pale General chini kuna kiboksi cha Launch Options, unaandika humo. Steam yenyewe haijui maana ya ulichoandika, inachofanya ni kukibandika nyuma ya faili la gemu na kuliwasha, basi. Haikagui. Hili la kutokukagua lishikeni, tutalirudia.

Zamani kabla hatujawa na Steam tulikuwa tunayaandika kwenye shotikati. Mimi nilijifunzia kwenye kafe moja ya gemu pale Sinza, mashine kumi na mbili, 1.6 kwa waya, elfu moja saa nzima, na mwenye kafe alikuwa na shotikati kwenye kila desktop imeandikwa hivi:

"C:\Program Files\Counter-Strike 1.6\hl.exe" -game cstrike -console

Siku moja nikajifanya mjuaji nikaongeza maneno yangu, lakini nikayaweka ndani ya zile alama za kunukuu, Windows ikagoma, inasema jina lililoandikwa kwenye Target si sahihi. Nimekaa nusu saa nalipia. Alama za kunukuu zinafunga njia ya faili tu kwa sababu ina nafasi katikati ya Program na Files, maneno ya ziada yanakaa nje. Halafu oneni hiyo -game cstrike. Ukiitoa inafunguka Half-Life, maana Counter-Strike ilianza 1999 kama modi, gemu la mashabiki lililojengwa juu ya gemu lingine, Half-Life, na faili linalowashwa ni lilelile hl.exe, kile kipande ndicho kinaiambia injini (msimbo unaoendesha gemu) ikachukue ramani na silaha kwenye folda gani. Yaani neno moja linabadilisha gemu zima. Ndiyo maana watu wakaamini kuna maneno mengine ya siri yenye nguvu kama hiyo.

Sasa kiini cha mambo yote, ambacho watu wengi wanakopi miaka kumi hawajawahi kujiuliza: kwanini mengine yana kistari na mengine yana alama ya kujumlisha?

Kistari ni cha zamani zaidi. Doom ya 1993 ilikuwa nacho, ukiandika -nomonsters unaingia ramani haina zimwi hata moja, ukiandika -file unaipa faili la ramani ulizotengeneza mwenyewe. Ila Doom haikuwa na konsoli, ile pazia unayoishusha ukaandika amri gemu likiwa linaendelea. Konsoli ililetwa na Quake 1996 na ndipo alama ya kujumlisha ikazaliwa. Half-Life ilijengwa juu ya injini ya Quake, Counter-Strike juu ya Half-Life, Source, injini ya Valve wenye Counter-Strike, ikatoka hukohuko, kwa hiyo tabia hiyo imerithiwa ukoo mzima mpaka leo.

Chukulia unajenga nyumba. Chumba kiwe na upana gani, mlango ukae wapi, hivyo unamwambia fundi kabla zege halijamwagwa. Rangi ya ukuta au kochi likae wapi, hata ukishahamia unabadilisha. Kistari ni maneno ya kabla ya zege: injini inayasoma ikiwa ndo inaamka, haijafungua dirisha, haijawasha sauti, inataka kujua ifungue dirisha la ukubwa gani, sauti iwashe au iache, folda ya gemu ipi. Jumlisha ni kochi. Ukiandika +fps_max 240, yaani kikomo cha fremu, ni sawasawa kabisa na wewe kushusha konsoli na kuandika fps_max 240 kwa mkono, tofauti ni kwamba gemu inakuandikia yenyewe ikishaamka.

Kwa hiyo yule dogo alivyoandika -fps_max 0 kwa kistari hakuna kilichotokea. fps_max ni amri ya konsoli, inataka jumlisha. Na hakuna aliyemwambia kakosea.

Hapa ndo nilisema tutarudi. Msimbo wa Quake uliachiwa wazi Desemba 1999, mtu yeyote anaweza kuusoma, na humo kuna kifanyio kidogo kinaitwa COM_CheckParm, kazi yake ni kuulizwa tu: kwenye maneno niliyopewa mlangoni, kuna neno -nosound? Kikijibu lipo, sauti inazimwa. Kikijibu halipo, maisha yanaendelea. Maana yake injini ndiyo inayoulizia maneno inayoyataka, moja moja, kwa jina, na neno ambalo hakuna sehemu ya msimbo inayoliulizia linabaki limekaa pale mlangoni kama mgeni ambaye hakuna aliyemwita ndani. Hakuna kosa linaloandikwa, hakuna onyo, gemu inawaka vizuri tu. Jaribu mwenyewe leo, weka -ugali kwenye kiboksi halafu washa CS2. Itawaka. Ukiwa na imani ya kutosha utaona na fremu zimeongezeka mbili tatu.

Ndiyo sababu hii mistari haifi. Gemu ingekuwa inakataa kuwaka ukiweka neno isilolijua, uongo wote ungekuwa umeisha 2004.

Lingine linalowachanganya watu ni nani anamshinda nani, autoexec.cfg au mstari. Kwenye Quake kuna kijifaili kinaitwa quake.rc, kifupi sana, kinataja mpangilio: kwanza default.cfg, halafu config.cfg ambamo setingi zako za menyu zimehifadhiwa, halafu autoexec.cfg unayoandika mwenyewe, halafu amri moja inaitwa stuffcmds, ambayo ndiyo inayomimina zile jumlisha zote kwenye konsoli. Source nayo ina valve.rc, autoexec inatangulia na stuffcmds inafuata. Anayesema mwisho ndiye anayesikilizwa, kwa hiyo jumlisha inashinda autoexec na autoexec inashinda menyu. Nimeshaona mtu anabadilisha fps_max kwenye menyu, anacheza, kesho imerudi, anabadilisha tena, imerudi, anataka kufuta gemu zima aweke upya kwa bando la mwenzie, kumbe kuna +fps_max 60 kwenye kiboksi aliiandika mwaka juzi akiwa na laptop inayochemka.

Kuna na kijambo kidogo cha Quake ninakipenda. Ile stuffcmds ya kwanza ilikuwa inajua amri imeisha pale inapokutana na jumlisha nyingine au kistari. Sasa kuna watu wanapenda maus igeuzwe, ukivuta nyuma unaangalia juu kama rubani, na hiyo inawekwa kwa m_pitch kuwa hasi, yaani -0.022. Ukiandika +m_pitch -0.022 kwenye mstari, injini inafika kwenye alama ya hasi inadhani ni kistari cha opsheni mpya, inakata hapohapo, unabaki na m_pitch bila namba. Dawa ilikuwa kuiweka kwenye autoexec. Quake 3 wao waliamua kuachana na habari za vistari karibu yote, kila kitu ni +set na jina na thamani, na kuna vigezo waliviwekea alama kwamba kwenye konsoli hugusi kabisa, unaviweka kwenye mstari wa kuwashia au basi. Kabla ya zege, yaani, ila kwa alama tofauti.

Haya turudi kwa dogo, tupite kipande kwa kipande.

-high inaiambia Windows ilipe hili gemu kipaumbele cha juu kwenye prosesa. Inasaidia pale tu ambapo kuna programu zingine zinagombania prosesa na wewe. Kama hujafungua kitu kingine hakuna wa kumsukuma pembeni, na kama prosesa ni dhaifu unaweza kumsukuma hata usiyetaka, sauti ya Discord inaanza kukatika katikati ya raundi. -threads 8 ni idadi ya nyuzi za kazi, na injini ikiamka inahesabu kori yenyewe, ukiilazimisha namba unachoweza ni kuikosea. Dogo prosesa yake ina kori nne. Nane kazitoa wapi? Kwenye mstari wa mshkaji.

-tickrate 128 hii ndo imenichekesha zaidi maana ina heshima kubwa mtaani. Tikirate ni mara ngapi kwa sekunde seva inakokotoa dunia ya gemu, nani yuko wapi, risasi imempata nani. Angalia neno seva. Kwenye CS:GO seva za Valve zilikuwa 64, za Faceit, jukwaa binafsi la mechi, 128, na wewe kuandika 128 kwenye kompyuta yako hakuwezi kubadilisha mashine iliyoko Johannesburg, ingekuwa hivyo kila mtu angejiandikia. Kazi yake ilikuwa kwenye ramani unayoifungua mwenyewe nyumbani kufanya mazoezi ya kurusha moshi, pale kompyuta yako ndiyo seva. CS2 ilipotoka Septemba 2023 mfumo wenyewe ukabadilishwa, siku hizi muda kamili uliobonyeza unatumwa pamoja na kitendo.

-d3d9ex ilikuwa ya CS:GO, ambayo ilikuwa inatumia Direct3D 9, njia ya Windows ya kuongea na kadi ya picha, ilikusaidia ukitoka kwenda desktop na kurudi isichukue karne. CS2 kwenye Windows inatumia Direct3D 11. Unamuita mtu aliyeshahama.

-heapsize ndiyo babu yao. Quake ikiwaka ilikuwa inachukua kumbukumbu yake yote kwa mkupuo mmoja halafu inajigawia yenyewe, na toleo la Windows bila kuambiwa lilikuwa halichukui zaidi ya megabaiti 16. Sasa ukipakia modi yenye ramani kubwa inajaa inakufa, kwa hiyo unaandika -heapsize na namba kwa kilobaiti, 32768 mfano, unapata 32. Ilikuwa dawa ya kweli kwa ugonjwa wa kweli. Miaka karibu thelathini baadaye dogo ananiandikia 8388608, ambayo ukigawa ni gigabaiti 8, na kompyuta yake ina RAM 8, yaani kama ingesikilizwa angeipa gemu RAM yote na Windows ikalale nje.

-freq 144 ni kasi ya skrini, enzi za zile skrini za kichogo ilikuwa muhimu mno maana gemu likiingia skrini nzima linarudi 60 na macho yanauma. Leo unaiweka kwenye Windows, mipangilio ya skrini. -nojoy ilikuwa inaizuia Source isiandae pedi, faida kiduchu, madhara hakuna mpaka siku utakayochomeka pedi ukashangaa imekufa. +cl_forcepreload 1 iliandikwa kwa ajili ya Source, ilikuwa inapakia vitu vya ramani mapema ili isikwame kwame ukiwa mchezoni, unalipa kwa kusubiri zaidi mwanzoni.

Halafu novid. Hii inaruka ile video ya mwanzo, haina uhusiano wowote na fremu, lakini angalia vizuri ile ya dogo: kistari chake kirefu. Mtu kaupitisha mstari kwenye Word au kwenye simu inayojifanya inarekebisha maandishi, kistari kifupi kikageuzwa kile kirefu, na kwa injini hiyo ni herufi nyingine kabisa. Sawa tu na -ugali. Ukikopi mstari popote, futa vistari vyote uviandike upya kwa kiibodi, dakika moja.

Sasa msije mkasema nimesema zote ni takataka. Kuna siku hivi vitu vinakuokoa. Umenunua skrini ya mtumba Kariakoo, ndogo kuliko ya kwanza, gemu bado linakumbuka ukubwa wa zamani, unawasha skrini inakuwa nyeusi inaandika out of range, menyu huioni, utaibadilishaje? Hapo ndo -windowed -w 800 -h 600, linafunguka kwenye kadirisha, unaingia menyu unarekebisha, unafunga, unafuta maneno. Unafuta, rudia baada yangu. Maana ni maneno ya kabla ya zege, ukiyaacha kila ukiwasha linajengwa hivyohivyo. Team Fortress 2 walikuwa na -dxlevel 81 ya mashine dhaifu, nayo ilikuwa ya kuwasha mara moja tu na kuitoa, ukiiacha ilikuwa inakurudishia setingi za picha upya kila siku.

-condebug nayo watu hawaitumii na ndiyo ya kwanza ninayowapa wakiniambia gemu linajifunga lenyewe. Inaandika kila kinachopita kwenye konsoli kwenye faili la console.log, likifa unaenda kusoma mistari ya mwisho alisema nini kabla hajakata roho. Na +connect ikifuatiwa na anwani ya seva, ukiwa na seva yenu ya mtaani mnayocheza jioni, shotikati moja inakupeleka moja kwa moja.

Ya kuogopa ni -insecure. Inazima VAC, mlinzi wa Valve dhidi ya wanaoiba mchezo, na seva zenye VAC hazikupokei. Ilikuwepo pia -allow_third_party_software ya CS:GO tangu 2020 walipoleta hali ya kuaminika (Trusted Mode, inayozuia programu nyingine kujiingiza kwenye gemu), watu waliiweka ili OBS, programu ya kurekodi skrini, ikamate picha, gharama yake uaminifu wa akaunti yako unaweza kushuka na unapangiwa na watu wa ajabu ajabu. Walioko Linux wenyewe wana ya kwao, wakiandika kitu kabla ya %command% kinakuwa cha mfumo, kama gamemoderun, wakiandika baada yake kinakuwa cha gemu.

Ping, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, wala usiulize. Dar mpaka Johannesburg kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 2,500, mwanga ndani ya faiba unaenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwenda na kurudi tayari milisekunde 25 kabla hata hujahesabu kona za kebo na ruta za njiani. Hakuna kistari kinachopunguza bahari.

Ukitaka kujua ulichoandika kimefika kweli, fungua Task Manager, kwenye Details bonyeza kulia juu ya vichwa vya safu uongeze ile ya Command line, utaona mstari wote jinsi gemu lilivyoupokea. Kwa zile za jumlisha, shusha konsoli uandike jina peke yake bila namba, fps_max halafu Enter, itakujibu thamani iliyopo. Halafu cl_showfps 1, cheza ramani moja, andika pembeni, toa neno moja, cheza tena ramani ileile.

Hivyo ndo tulivyofanya na dogo, nikaenda mpaka kwao Jumapili. Mstari wote, fremu 41. Tukafuta wote, 41. Tukaweka -ugali, 41, mdogo wake akacheka mpaka akakohoa. Fremu 41 kwa ile kadi ya picha aliyonunua haiingii akilini, nikainama nyuma ya kesi na tochi ya simu, nakuta kebo ya HDMI imechomekwa juu kwenye mazabodi na kadi yenyewe iko chini imekaa kimya haina kitu. Siku zote hizo alikuwa anachezea picha za prosesa. Tukahamisha kebo, ikapiga 160 na kitu.

Ule mstari bado anao, kauhifadhi kwenye simu. Anasema huwezi jua.